Kuwinda kanga na kwale mu Maniema: namna ya kujulishana kama mko wengi ao kama uko peke yako

Katika vijiji vingi vinavyozunguka Kindu, mwindaji anapotoka asubuhi haulizwi tu anakwenda kutafuta nyama gani. Anaulizwa anaelekea wapi, anakwenda na nani, na atarudi saa ngapi. Maulizo hayo si udadisi wa bure. Pori ni nene, mtu mwenye kusimama mita 15 mbele haonekani, na bunduki haichagui kati ya kanga na mtoto wa jirani. Tangu zamani wazee waliweka desturi za kujulishana katika pori. Leo, na bunduki zimekuwa nyingi, rezo ya telefone iko pahali fulani tu, na wakati mwingine watu wenye silaha wanapita njia zile zile za wawindaji, desturi hizo zina kazi zaidi kuliko zamani.

Makala hii inakusanya mambo yenye kila mwindaji anapashwa kujua, akiwa na kundi ao peke yake.

NDEGE WENYEWE NA TABIA ZAO

Upande wa kusini wa jimbo, katika teritware za Kibombo, Kasongo na Kabambare, kuko nyasi nyingi zinazochanganyika na pori. Hapo ndipo anapatikana kanga mwenye pembe kichwani na madoadoa meupe, mwenye kutembea kwa makundi. Kwale pia wako, na asubuhi na mapema sauti zao zinasikika kandokando ya mashamba. Upande wa kaskazini, Punia na Lubutu, pori ni refu na lenye giza. Huko kunaishi kanga wa pori, mweusi wa buluu, mwenye manyoya yaliyosimama kichwani kama nywele. Kanga wa pori anapenda kufuata makundi ya nyani na kima ili aokote matunda yanayoanguka.

Tabia moja ya ndege hawa inaeleza kwa nini ajali zinatokea. Kanga na kwale wanaishi chini. Wanapoogopa, kwanza wanakimbia na miguu, na wanaruka tu wakiona adui amefika karibu. Kwa hiyo mwenye bunduki anavutwa kupiga chini, kwa urefu wa magoti ya mtu, ndani ya majani. Na nyuma ya majani hayo, katika uwindaji wa kundi, ndipo wanapotokea wenzake wenye kufukuza, mbwa, na mara nyingi watoto.

MBELE YA KUTOKA

Desturi ya kwanza ni kusema njia. Mwindaji anaambia mtu mmoja nyumbani, mke, mama ao kaka, mambo matatu: mto ao kilima anachoelekea, mtu wanaokwenda pamoja, na wakati wa kurudi. Kama anabadilisha mpango njiani, anatuma neno kwa mtu wa kwanza anayekutana naye akirudi kijijini. Jioni ikifika bila yeye kurudi, watu wanajua pahali pa kuanzia kutafuta. Mtu asiyesema njia anatafutiwa pori zima.

Desturi ya pili ni kuomba njia. Karibu kila pori la Maniema liko na wenyewe: ukoo fulani, kijiji fulani, mpaka kwenye kijito fulani. Mgeni anayetaka kuwinda anapita kwanza kwa shefu wa kijiji ao kwa mzee wa ukoo. Anasalimia, anasema jina lake na kwao, anaeleza anachotafuta na siku ngapi atakaa. Faida ya kuomba njia si heshima peke yake. Mwenye pori ndiye anajua mitego iko wapi, nani ameingia tangu jana, na upande gani wanawake wanakwenda kuvua samaki ao kutafuta kuni siku hiyo. Mgeni anayeingia bila kuomba hajui hata moja kati ya hayo.

Desturi ya tatu ni karatasi. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayopanga uwindaji katika Kongo, na inaomba ruhusa ya kuwinda. Kuko ruhusa ya mtu mmoja na kuko ruhusa ya pamoja kwa ajili ya kijiji. Bunduki pia inahitaji karatasi yake. Serikali inatangaza wakati wa kufungua na wa kufunga uwindaji, na watumishi wa mazingira katika teritware ndio wa kuulizwa mbele ya kuingia pori. Sumu, vilipuzi na silaha za vita ni marufuku kabisa. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni mpaka Agosti, kuchoma nyasi ili kufukuza nyama kumekuwa mazoea pahali pengi, lakini moto huo unaunguza mashamba, mayai ya kwale na hata nyumba za watu.

KUWINDA KWA KUNDI

Uwindaji wa kundi uko na namna nyingi. Kuko wale wa nyavu, wenye kutandika wavu katika nusu ya mviringo huku wengine wanafukuza nyama kutoka upande mwingine. Kuko wale wa mbwa, wenye kuwafungia mbwa kengele ya mti shingoni. Na kuko vijana watatu ao wanne wenye bunduki moja tu. Kwa wote, kanuni ni moja: mbele mtu hajaingia katika majani, kila mmoja anajua pahali pa mwenzake.

Kundi linachagua mkubwa mmoja. Si lazima awe mwenye umri mkubwa ao mwenye bunduki. Ni yule anayejua pori hilo. Yeye ndiye anapanga watu, anasema nani atasimama na nani atafukuza, na yeye peke yake anatoa neno la kuanza na neno la kumaliza. Katika pori hata mdogo anaweza kumwambia mkubwa wake, “Yaya, simama!” na mkubwa anasimama bila kuuliza. Maulizo yanakuja nyuma.

Mwenye kusimama na bunduki hatoki pahali pake mpaka neno la kumaliza lisikike. Ajali nyingi za kundi zinaanzia hapa: mmoja anasikia kanga upande wa kushoto, anaacha nafasi yake kimya kimya, na mwenzake anaona majani yanatikisika pahali penye alijua hapana mtu. Kama lazima mtu asogee, anaita kwanza kwa sauti ya mtu, “Ni mimi, nakuya upande yako!” na anangoja jibu. Kama jibu halikuja, habadilishi nafasi.

Wenye kufukuza wanafanya kelele wakati wote. Wanapiga miti, wanaimba, wanaitana majina. Kelele yao ina kazi mbili: inafukuza ndege, na inamwambia mwenye bunduki, “tuko hapa.” Mfukuzaji mwenye kunyamaza ni mfukuzaji asiyeonekana. Kengele ya mbwa inafanya kazi hiyo hiyo: bila kengele, mbwa katika majani anafanana na nyama.

SAUTI GANI NI YA MTU

Wawindaji wengi wanajua kuigiza sauti. Wako wenye kuita kanga, na wako wenye kubana pua na kutoa mlio wa mboloko ili nyama asogee karibu. Ni ufundi mkubwa, lakini uko na hatari. Mlio unaodanganya nyama unadanganya pia mwindaji mwingine. Wawindaji wawili wasiojuana wanaweza kuitana nusu saa nzima, kila mmoja akifikiri anavuta nyama, mpaka mmoja anapiga.

Ndiyo sababu kundi halitumii kamwe sauti ya ndege ao ya nyama ili kuitana wao kwa wao. Alama ya watu inapashwa kuwa ya watu: mluzi wenye mpango uliokubaliwa, jina la mtu, ao neno. Makundi mengi yanatosheka na alama tatu tu: moja ya kusema “niko hapa”, moja ya kusema “simameni, msipige”, na moja ya kusema “mje, kuna shida”. Alama zikizidi, mtu anasahau saa ya hofu. Alama ya “msipige” ndiyo inapashwa kuwa ya nguvu na ya kujulikana kuliko zote, na kila mtu akiisikia anairudia ili ifike mpaka mwisho wa mstari.

Mwenye kuita nyama kwa kubana pua anatega mgongo kwenye mti mkubwa, ili mtu asimpige kwa nyuma. Na akiona mtu anasogea, hapungi mkono wala kutikisa tawi. Anaongea. Mkono katika majani unafanana na nyama. Sauti ya mtu haifanani na kitu kingine.

Watu wa bonde la Lualaba walijua jambo hili tangu zamani. Ngoma za mti zilizokuwa zikipeleka habari kutoka kijiji kimoja mpaka kingine zinafuata sauti ya juu na ya chini ya maneno ya lugha. Mwalimu mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyefanya kazi upande wa Yakusu karibu na Kisangani, aliandika kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949. Alionyesha kwamba mpigaji hasemi neno fupi peke yake, sababu maneno mengi yana sauti zenye kufanana. Anasema jina refu lenye maelezo, ili msikilizaji asikosee. Fundisho hilo linafaa mwindaji wa leo. “Njoo!” peke yake katika pori haitoshi. “Njoo upande wa mto, mimi niko chini ya mti mkubwa” inatosha.

SAA YA KUPIGA NA SAA YA KUACHA

Kartushi ya risasi ndogo inaua kanga kwa mita 30 ao 40. Lakini risasi hizo hazisimami hapo. Hata mbali zaidi ya mita 100 zinaweza kuingia jicho la mtu. Risasi kubwa zinafika mbali zaidi tena. Kwa hiyo mwindaji anapima mambo matatu mbele ya kupiga: ameona ndege mwenyewe, si majani yanayotikisika, anajua kilicho nyuma ya ndege, na anajua pahali walipo wenzake wote. Kama moja linakosekana, anaacha.

Wazee wenye uzoefu wanapenda kungoja kanga aruke na kutua juu ya mti. Mbwa anapobweka chini, kanga anabaki anamuangalia, na mwindaji anapiga kuelekea juu, pasipo mtu. Anayepiga chini katika majani wakati wafukuzaji wanakaribia anacheza na maisha ya ndugu zake. Kundi likiona mtu wa namna hiyo, linamnyang'anya bunduki siku hiyo bila matusi, na anaingia kati ya wafukuzaji.

Mdomo wa bunduki unaangalia juu ao chini, kamwe si mgongo wa mtu anayetangulia katika njia nyembamba. Kartushi inatolewa mbele ya kupita juu ya gogo, mbele ya kuingia mtumbwi, na mbele ya kuingia kijijini. Mtu anayevuka Lualaba kutoka Alunguli na bunduki iliyojaa anahatarisha mtumbwi mzima. Bunduki za kutengenezwa kwa mkono, zile zinazoitwa pupu, zinaomba uangalifu zaidi: zinaweza kulia zikianguka, na nyingine zinapasuka usoni mwa mwenyewe.

Juu ya nguo, rangi ya jeshi haifai. Raia haruhusiwi kuivaa, na katika pori inaweza kumfanya mtu ahesabiwe kati ya wapiganaji. Ufaransa, wawindaji wanaowinda nyama wakubwa kwa kundi wanalazimishwa na sheria kuvaa jile ya rangi kali. Hapa, jile ya mmotari ao kitambaa chekundu kichwani kinafanya kazi hiyo hiyo. Ndege anakimbia zaidi mtu anayetembea-tembea kuliko mtu anayetulia na kitambaa chekundu.

KUWINDA PEKE YAKO

Mwenye kuwinda peke yake hana mtu wa kumpiga kwa kukosea, lakini pia hana mtu wa kumbeba. Nyoka, tawi linaloanguka, mguu unaovunjika katika shimo: mambo yenye kundi lingemaliza kwa saa mbili yanaweza kumuua mtu wa peke yake kwa siku mbili.

Kwa hiyo anaacha alama. Anakunja kijiti ao anavunja tawi dogo kuelekea upande anaokwenda. Anapofika kwenye njia mbili, anatupa majani mabichi kwenye njia ile ambayo hakuichukua. Alama hizi zinasomwa na karibu kila mtu aliyekulia kijijini, na zinakauka: mtafutaji akiona jani linavyonyauka, anajua mtu amepita leo ao juzi.

Telefone inasaidia, lakini si ya kutegemea peke yake. Mwindaji anauliza wenyeji kilima gani kina rezo, anazima telefone ili abakishe moto, na anapita kwenye kilima hicho kwa saa iliyopangwa na watu wa nyumbani. Akiwa karibu na ndege, anaondoa sauti. Akiona amepotea, anakaa pahali pamoja na kupiga mti mkubwa mara kwa mara, kwa mpango mmoja. Sauti ya mti inafika mbali kuliko sauti ya koo, na haichoki haraka.

KUKUTANA NA WENGINE

Wawindaji wawili wakikutana, yule aliyeona mwenzake kwanza ndiye anatangulia kusalimia, akingali mbali, na bunduki begani. Wanaulizana habari ya njia: umetoka wapi, umeacha nani nyuma, umeona nini. Hawaulizani mara moja wameua nini. Aliyefika wa pili katika upande huo anarudi nyuma ao anachukua upande mwingine wa kijito.

Mtego wa mtu hauguswi. Ndege aliyekamatwa humo ni wa mwenye mtego, hata kama ameanza kuoza. Anayemuona anamjulisha mwenyewe. Na mwenye mitego anajulisha kijiji pahali alipoitega, sababu kamba ya chuma inakata mguu wa mbwa na wa mtoto kama inavyokata wa nyama.

Kukutana na watu wenye silaha wasiojulikana ni jambo lingine. Mwindaji haji mbio, hajifichi nyuma ya mti akiwa na bunduki mkononi, na hapigi risasi ya kujulisha. Anaweka bunduki chini, anaonyesha mikono, anajibu kwa upole. Kijiji kikisikia kwamba pori fulani halina usalama, uwindaji upande huo unasimama. Hakuna kanga wa bei hiyo.

KUGAWA NYAMA

Maneno mengi kati ya wawindaji hayatoki porini, yanatoka kwenye kugawa. Bunduki ni ya mmoja, kartushi zimenunuliwa na mwingine, mbwa ni wa wa tatu, na aliyepiga ni wa nne. Kundi lenye busara linapatana mbele ya kutoka: nani atapata mguu, nani kifua, na fungu gani litaenda kwa mzee wa pori. Wafukuzaji hawasahauliwi, hata kama ni watoto. Kama wawili walipiga ndege mmoja, mkubwa wa kundi anaamua palepale, na jambo hilo halifiki kijijini.

Desturi za zamani zilijua nguvu ya nyama katika kuunga ao kutenganisha watu. Kwa Walega, kakakuona hakuwa nyama ya mtu binafsi. Aliyempata alipashwa kupita kwa wazee wa Bwami. Leo kakakuona analindwa, na biashara yake kati ya mataifa imekatazwa. Katika jambo hili desturi na sheria zinaelekea upande mmoja.

TAUSI WA KONGO: NDEGE ASIYEPIGWA

Katika pori la Maniema kuko ndege mmoja wa jamii ya tausi asiyepatikana pahali pengine pa dunia isipokuwa Kongo. Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin aliokota unyoya usiojulikana katika Ituri. Miaka 23 ilipita. Mwaka 1936 aliwaona ndege wawili waliokaushwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, walioandikwa kwamba ni tausi wa Asia. Unyoya wake ulikuwa wa ndege hao.

Dume ni wa buluu nzito na kijani, ana shingo nyekundu isiyo na manyoya na nywele nyeupe kichwani. Jike ni wa kahawia na mgongo wa kijani. Anatembea chini kama kanga, na usiku analala juu ya mti, ambapo dume na jike wanaitikiana kwa sauti kubwa. Mwindaji asiyejua anaweza kumhesabu kama kanga. Sheria inamlinda kabisa, na jike anataga mayai machache, mara nyingi kati ya 2 na 4, wakati kanga wa nyasi anaweza kutaga zaidi ya 10. Kuua mmoja ni hasara ya miaka.

Hifadhi ya Maiko, iliyoanzishwa mwaka 1970, na hifadhi ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016 kati ya Maniema na Tshopo, ni pahali ambapo hakuna kuwinda ndege yeyote. Wawindaji wanaoishi karibu wanapashwa kuuliza mpaka unapita kwenye mto gani, na kuwaonyesha vijana wao.

KAMA AJALI IMETOKEA

Mtu akipigwa, alama ya “msipige” inatolewa mara moja na bunduki zote zinatolewa kartushi. Damu inakandamizwa na nguo safi bila kuachilia. Risasi hazichokolewi na kisu. Mmoja anatangulia mbio ili kujulisha kituo cha afya na kutafuta pikipiki, wengine wanabeba. Aliyepiga hakimbii. Anabaki na kundi, anasaidia kubeba, na mkubwa wa kundi anapeleka habari kwa shefu na kwa polisi siku hiyo hiyo.

Kukimbia ndiko kunageuza ajali kuwa vita ya jamaa mbili. Familia ya mwenye kuumia inaweza kusamehe mkono uliokosea. Ni vigumu isamehe mtu aliyeacha ndugu yao katika majani.

Jioni, kundi linaporudi, watu wanahesabiwa mbele ya ndege kuhesabiwa. Waliotoka saba wanarudi saba. Kisha mkubwa anatoa neno la kumaliza, na uwindaji umekwisha.